Chanjo za mtoto wa mbwa: namna ninavyowaandaa wangu hapa Igombe, na ninachokiangalia baada ya sindano

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaokuja kuchukua watoto wa mbwa kwangu ni hili: "Mama, akichomwa sindano moja si inatosha?" Haitoshi, na nataka nieleze kwa nini kabla sijaingia kwenye maandalizi.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa, naishi Igombe, pembeni ya Ziwa Victoria, wilaya ya Ilemela, mkoani Mwanza. Mbwa nawafuga kwa sababu ya kazi. Dagaa wakianikwa pasipo mbwa, mchana ndege wanakula na usiku watu wanabeba. Jike wangu mkubwa anaitwa Sifa, na watoto wake wanatafutwa sana na wenye maghala na wenye mitumbwi. Kila anayechukua mtoto anaondoka na kadi ya chanjo, na tarehe ikikaribia nampigia simu. Wapo wanaoniona msumbufu. Naendelea kupiga, kwa sababu nimeshaona mtoto wa mbwa akifa kwa pavo, ugonjwa wa virusi unaomfanya aharishe damu, na sitaki mtu mwingine aone.

Kwa nini dozi zinarudiwa

Mtoto wa mbwa akizaliwa hunyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, na dang'a ina kingamwili za mama yake, yaani askari wa mwili wanaopigana na magonjwa. Hizo humlinda wiki za mwanzo. Lakini kingamwili hizohizo huizuia chanjo pia: dawa ikiingia mwilini, zinaidaka na kuimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza kupigana wenyewe. Kinga ya mama hushuka polepole. Kwa mtoto mmoja inaweza kuisha wiki ya 8, kwa mwingine wiki ya 12, kwa mwingine karibu na wiki ya 16, hata kama wamezaliwa usiku mmoja. Kumtazama kwa macho hakukuambii chochote.

Katikati hapo kuna siku mbaya. Kinga ya mama imeshuka kiasi kwamba haiwezi tena kuzuia ugonjwa wa mtaani, ila bado ina nguvu ya kuiharibu chanjo. Kwa hiyo daktari anaanza wiki ya 6 hadi ya 8, anarudia kila baada ya wiki 3 au 4, na anaendelea mpaka mtoto afikishe wiki 16 au azivuke. Kila dozi ni nafasi nyingine ya kuikuta kinga ya mama imeondoka. Ile ya mwisho ndiyo yenye uhakika mkubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka, kwa kuwa mbwa ameshakuwa mkubwa, ananenepa, anabweka, anaonekana salama.

Chanjo ya mchanganyiko inakinga pavo, distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na ubongo) na homa ya ini ya mbwa. Nyingine huongezewa kinga ya leptospira, ugonjwa ambao sisi binadamu tuliuzoea kwa jina la homa ya mgunda mwaka 2022 ulipolipuka mkoani Lindi. Kwa sisi wa mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, hiyo ya leptospira naisisitiza. Panya wamejaa kwenye maghala ya dagaa, ugonjwa unapita kwenye mkojo wao, na mtoto wa mbwa ananusa na kulamba kila kitu. Inahitaji dozi mbili zilizopishana wiki 2 hadi 4, halafu kila mwaka. Mwulize daktari kama chupa aliyoishika ina leptospira au haina, maana zote hazifanani.

Distempa mtu asiidharau. Mwaka 1994 iliingia kwa simba wa Serengeti, hapa jirani yetu, na kuua takriban theluthi moja yao, kama simba 1,000. Mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Ugonjwa unaoweza kumwangusha simba hautamwonea huruma mtoto wa mbwa mwenye kilo tatu.

Kichaa cha mbwa kinachomwa peke yake, kwa kawaida kuanzia wiki ya 12, na kwetu hurudiwa kila mwaka. Kwenye kampeni za halmashauri, ambazo mara nyingi hufanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, peleka mbwa wote ulionao, na wadogo pia. Asikuzuie mtu kwa kusema huyu bado. Na zipo kauli kwamba mbwa aliyechanjwa anapoa, hawezi kulinda tena. Sifa amechanjwa kila mwaka tangu akiwa mdogo, na hakuna mgeni anayevuka geti langu usiku.

Wiki mbili kabla ya sindano

Anza na minyoo. Karibu kila mtoto wa mbwa anayo, kwa sababu inapita kwa mama tangu tumboni na tena kwenye maziwa. Dawa inaanza mtoto akiwa na wiki 2, inarudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Mtoto mwenye tumbo la minyoo ni dhaifu, na mwili dhaifu hauipokei chanjo vizuri. Ukiona amechelewa, mpe dawa angalau wiki moja kabla ya sindano, ili kama atahara kwa sababu ya dawa ya minyoo, kuhara huko kuwe kumeisha. Pia minyoo hiyo inaingia kwa watoto wetu wanaocheza mchangani, hivyo kinyesi kifukiwe.

Dawa inapimwa kwa uzito, na hapo wafanyabiashara wa dagaa tuna bahati. Mtie kwenye ndoo, itundike kwenye mizani, soma, toa uzito wa ndoo. Andika kwenye kadi. Usikisie kwa mkono, maana mtoto mwenye tumbo la minyoo anadanganya. Uzito huohuo utakusaidia baadaye: mtoto anayekua vizuri anaongezeka kila wiki, na akisimama pale pale, au akipungua, kuna jambo, na daktari aambiwe kabla ya kuchoma.

Kupe na viroboto nao waondolewe mapema, kwa dawa ya mbwa, ya umri wake. Hapa naomba sana. Dawa ya kuogesha ng'ombe isimguse mtoto wa mbwa kwa kipimo cha kubuni. Oili chafu ya injini, ambayo mwaloni hupakwa mbwa mwenye ukurutu, ni sumu. Anailamba, inapenya kwenye ngozi, inaharibu ini. Ivermectin, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, ile ya sindano ya mifugo, ikivutwa kwa kukisia kipimo kwa macho, imeua mbwa wengi. Mpeleke mtoto aonwe ngozi. Chanjo inaweza kusubiri wiki moja ngozi itibiwe.

Halafu dagaa wenyewe. Siku tatu kabla ya sindano na siku tatu baada yake, mtoto wa mbwa asikaribie kichanja wala mchanga wa kuanikia. Anayeiba dagaa wa mchangani anameza na mchanga, anatapika, anaharisha. Ukishamchoma sindano asubuhi, mchana akatapika, utajuaje kama ni chanjo au ni mchanga? Nataka tumbo lake liwe limetulia, nijue kwamba lolote litakalotokea limetoka kwenye sindano. Kwa sababu hiyo hiyo, usibadilishe chakula wiki hiyo. Kama anakula ugali laini na mchuzi wa samaki, aendelee na huo. Mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, yasubiri; miba ya sangara ikimkwama kooni utaona kukohoa na kutoa mate, na utadhani ni mzio, yaani mwili wake unaikataa chanjo.

Wiki hizo pia mzoeze kushikwa. Kila jioni, akiwa ametulia, inua mdomo wake uangalie fizi, shika masikio, shika nyayo, kisha vuta taratibu ngozi ya juu ya mabega na kuiachia, mpe tonge dogo la ugali. Hapo mabegani ndipo sindano itaingia. Mtoto aliyezoea kuvutwa ngozi na mtu anayempenda hapigi kelele kwa daktari. Mpe na mtu mwingine amshike, kijana wa nyumbani au jirani, asijue mikono yako tu.

Asubuhi ya kwenda

Chagua siku kati ya Jumatatu na Alhamisi, na uende asubuhi. Nasema hivyo kwa sababu mzio mbaya hutokea ndani ya saa za mwanzo, na uvimbe wa uso unaweza kuchelewa hadi jioni. Ukimchoma Jumamosi saa kumi alasiri, usiku akivimba utagonga mlango wa nani?

Kabla ya kutoka, mwangalie. Macho safi, pua haitoi makamasi, kinyesi cha jana kimeshikana. Bonyeza ufizi kwa kidole, uachie: weupe unaoacha urudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili. Kama una kipimajoto, kipake mafuta ya mgando, kiingize taratibu njia ya haja kubwa. Mbwa mzima ana joto la kati ya 38.3 na 39.2, juu kuliko letu, hivyo usishtuke ukiona 38.8. Ikivuka 39.5 akiwa ametulia kivulini, au anaharisha, au amekataa chakula, piga simu uahirishe. Kuahirisha siku chache hakuharibu ratiba. Kumchoma mbwa mgonjwa kunakuachia chanjo isiyoshika na ugonjwa uliokwisha kuanza.

Mpe chakula kidogo, muda wa saa mbili au tatu kabla ya safari. Asiende na njaa kabisa: watoto wadogo sukari hushuka haraka, wakalegea na kutetemeka, na hilo nalo litakuchanganya.

Kisha piga picha ya uso wake kwa simu. Mbele na pembeni. Nashangaa watu hawafanyi hivi. Uvimbe wa mdomo au wa kope unaanza kidogo, na mwenye mbwa anakaa akijiuliza kama ndivyo alivyokuwa jana. Ukiwa na picha ya asubuhi huna haja ya kujiuliza.

Kumbeba: boksi la kaki lenye matundu, au tenga, na ndani kipande cha kanga kilicholala na mama yake. Sijawahi kukubali mtoto wangu yeyote abebwe kwenye sandarusi iliyofungwa mdomo, hata kama anayekuja kumchukua amepanda bodaboda na ana haraka. Jua la kwetu na mfuko usiopitisha hewa vinaua. Kutoka Igombe kupitia uwanja wa ndege hadi Pasiansi na Kirumba, upande wa mjini, makondakta wa daladala wengine wanakubali boksi, wengine hawataki kusikia habari ya mbwa. Bajaji ni nafuu ya roho kama mko wawili wa kuchangia. Boksi likae mapajani, mbali na bomba la moshi.

Ukifika, usimweke chini. Virusi vya pavo hukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi, hata mwaka, na mbwa wagonjwa wote wanapita mlango huohuo. Abaki ndani ya boksi, na boksi libaki mikononi mwako mpaka uitwe. Watoto wa watu wengine wasimshike.

Wa visiwani, au wa mbali kama mimi siku za mvua, tunafanya njia nyingine: tunamwita bwana mifugo wa kata. Kichupa cha chanjo ya kichaa mara nyingi ni cha dozi 10, na kikishafunguliwa kinatakiwa kitumike siku hiyohiyo, kwa hiyo tunakusanyana majirani, kila mmoja na mbwa wake, na gharama inapungua. Mkikusanyika, mkae mbalimbali, kila mbwa na kamba yake.

Kabla hajachoma, angalia na uliza

Chanjo inakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Itoke kwenye friji, au kwenye boksi lenye barafu, mbele ya macho yako. Si ukosefu wa adabu kuuliza, "Daktari, umeme ulipokatika chanjo mlizihifadhi wapi?" Daktari makini anafurahi kuulizwa. Ya mchanganyiko huja kama unga mkavu kwenye kichupa kimoja na maji yake kwenye kingine. Vichanganywe hapohapo, vichomwe hapohapo. Iliyochanganywa tangu asubuhi ikisubiri wateja, ikatae kwa heshima. Na barafu isiigandishe ile ya majimaji. Ikiganda imeharibika, hata kama ikiyeyuka inaonekana sawa. Chanjo ya kichaa ina uvumilivu zaidi wa joto, na utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania ulionyesha moja ya aina zake inabaki na nguvu hata ikikaa miezi mitatu kwenye nyuzi 30, lakini huo ni uamuzi wa wataalamu walioipima, wala si ruhusa ya kuinunua dukani na kuitembeza mfukoni.

Uliza pia kama kuna adrenalini mezani. Hilo ni swali muhimu kuliko bei. Mzio mkali unatibiwa kwa sindano hiyo, kwa dakika, na mahali pasipo nayo sipeleki mbwa.

Mweleze daktari historia yake: dawa ya minyoo lini, uzito, ameshawahi kuvimba kwa sindano au kwa kuumwa na nyuki. Dozi ikishaingia, lebo ya kichupa ibandikwe kwenye kadi ikiwa na namba yake, na paandikwe upande alikochomwa, kulia au kushoto.

Saa moja ya kwanza

Kaa hapo hapo, au kwenye kivuli cha karibu, nusu saa kamili. Najua biashara inasubiri. Dagaa wako watakaa.

Mzio mkali huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi. Kwa mbwa, tumbo na ini ndivyo vinavyopigwa kwanza, kwa hiyo dalili ya mapema mara nyingi ni kutapika ghafla, tena na tena, au kuharisha ghafla, pengine na damu. Kisha analegea, miguu haimbebi, fizi zinapauka zikawa nyeupe, anahema kwa shida, anaanguka. Ukiona kutapika kwa kurudiarudia pamoja na kulegea, usisubiri dalili ya tatu. Mnyanyue, ingia ndani bila foleni, sema kwa sauti: "Amechomwa sasa hivi, anaanguka."

Kama mmeshaondoka, geuza bajaji. Mlaze ubavu, shingo imenyooka, mdomo usifungwe na kitu. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kula, wala mkaa uliosagwa, mambo ambayo wengi wetu tumelelewa kuyaona kama dawa ya sumu. Mbwa aliyelegea hamezi vizuri, na kitakachoingia kitaishia kwenye mapafu. Mpigie daktari mkiwa njiani ili avute dawa kabla hamjafika. Ndiyo maana simu iwe na salio na chaji.

Hili ni jambo adimu, na nalisema ili watu wasikimbie chanjo. Huko Marekani walihesabu mbwa zaidi ya milioni 1.2 waliochanjwa, na waliopata madhara ya aina yoyote ndani ya siku tatu walikuwa kama 38 kwa kila mbwa 10,000, tena mengi yakiwa madogo. Hatari ilikuwa kubwa kidogo kwa mbwa wa umbo dogo waliochomwa chanjo nyingi kwa mkupuo. Kwa mtoto mdogo sana wa mwili, unaweza kumwomba daktari atenganishe ya kichaa na ya mchanganyiko, wiki mbili hadi tatu katikati, mradi una hakika utarudi.

Siku hiyo hadi siku ya tatu

Nyumbani mpe kivuli, maji safi, chakula chake cha kawaida nusu. Atalala. Wengi hulala mchana kutwa, wana joto kidogo, wanakataa chakula cha jioni, wanalia ukiwagusa begani. Hiyo ni kazi ya kinga kujengeka na inaisha ndani ya siku moja au mbili.

Tofauti kati ya usingizi na kuzidiwa ni hii: mwite jina. Anayelala tu atainua kichwa, atatikisa mkia hata kidogo, atakunywa maji ukimsogezea. Asiyeinua kichwa apelekwe. Mimi huwaamsha watoto kabla sijalala, na tena usiku wa manane, nawaita mmoja mmoja na kuwaangalia fizi kwa tochi ya simu.

Uso ukianza kuvimba, yaani mdomo umejaa, kope zimefumba, au mwili una mabaka yaliyoinuka chini ya manyoya na anajikuna sana, rudi kwa daktari siku hiyohiyo hata kama anacheza. Linganisha na ile picha. Mara nyingi sindano ya mzio inamtuliza. Lakini uvimbe wa uso unaweza kushuka kooni, na ukifika kooni muda umeisha.

Panado, diklofenaki, ibuprofeni, zote zikae kabatini. Diklofenaki na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Panado inaumiza ini. Kipimo cha mtoto wa binadamu si cha mtoto wa mbwa. Kama homa inakutia wasiwasi, tumia kitambaa chenye maji ya kawaida kwenye nyayo na tumbo, na umpigie daktari.

Kauvimbe kadogo, kagumu, pale alipochomwa ni kawaida. Kaguse kila siku kadhaa. Kanaweza kukaa wiki mbili au tatu kakipungua. Kakikua, kakawa na joto na usaha, au kakifikisha miezi mitatu, kaonwe.

Sasa kuna jambo moja linalowagombanisha watu na chanjo. Mtoto wa mbwa wa jirani yangu alichomwa dozi ya kwanza, siku ya nne akaanza kuharisha damu yenye harufu kali, akafa. Mtaa mzima ukasema ni sindano. Pavo inachukua kwa kawaida siku 3 hadi 7 tangu mbwa aiokote mpaka aonyeshe dalili. Mtoto yule alikuwa anazurura mwaloni tangu wiki iliyotangulia, akila matumbo ya samaki pamoja na mbwa wasio na wenyewe. Ugonjwa ulikuwa umeshamwingia. Kuharisha damu siku ya tatu, ya nne au ya sita usikuite mzio ukangoja kuishe. Ni dharura, anahitaji maji ya mshipa leo. Na alipolala pasafishwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, ikae dakika kumi kabla ya kusuuza. Dawa nyingi za sakafuni hazigusi pavo.

Mpaka ratiba iishe

Sindano haimlindi dakika hiyo. Kinga huchukua siku kadhaa hadi wiki kujengeka, na ya kichaa huhesabiwa imeshika baada ya wiki tatu hadi nne. Kwa hiyo mpaka wiki mbili zipite baada ya dozi ya mwisho, mtoto asiende mwaloni, sokoni, wala jalalani. Usimwogeshe kwa siku mbili tatu, na ziwani asipelekwe kabisa kwa sasa. Hii haina maana afungiwe gizani. Acheze uani kwako, akutane na mbwa wakubwa ambao unajua wamechanjwa, asikie injini za mitumbwi, asikie watoto wakipiga kelele, abebwe mkononi hadi barabarani kuona bodaboda. Asipozoea haya kabla ya miezi minne, atakuwa mbwa mwoga, na mbwa mwoga huuma.

Mtu yeyote akiumwa, hata na mbwa aliyechanjwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kadi iwekwe mahali pakavu, na upige picha yake ubaki nayo kwenye simu. Andika tarehe ya dozi inayofuata kwenye kalenda ya ukutani, pale wote nyumbani wanapoiona. Dozi ya mwisho ya wiki 16 ikishapita, kuna nyingine ya kuimarisha, daktari atachagua kati ya miezi sita na mwaka mmoja. Baada ya hapo kichaa na leptospira kila mwaka, nyingine kama kadi inavyoelekeza.

Na kama alipata mzio safari iliyopita, usiache chanjo zilizobaki kwa hofu. Peleka kadi, onyesha picha za uvimbe, mwambie daktari ulianza baada ya muda gani na ni chanjo gani ilichomwa. Anaweza kumpa dawa ya mzio kabla, akabadilisha aina ya chanjo, akatenganisha dozi, na akakuweka hapo saa nzima badala ya nusu. Siku hiyo nenda naye wa kwanza, mlango ukifunguliwa.